Waliotengenezewa kibofu kwa utumbo: mchana niko mkavu, usiku kitanda kinalowa. Mliwezaje?

#1 Mwalimu_Lanet
Salamu wenzangu. Nina miaka 56, nafundisha shule ya msingi huku Nakuru. Wiki kumi na nne zilizopita nilitolewa kibofu chote pamoja na tezi dume kwa sababu ya saratani, daktari akanishonea kibofu kingine kwa kipande cha utumbo wangu mwembamba. Mpira wa mkojo ulitolewa wiki ya tatu, baada ya picha ya dawa kuonyesha mshono hauvuji. Waliniambia saratani imetoka yote. Kwa hilo nashukuru kila asubuhi.

Shida yangu ni usiku. Mchana nimefika pazuri. Naenda choo kila baada ya saa tatu, nakaa, nalegeza, nasukuma kidogo kwa tumbo, mkojo unatoka. Nikikohoa au nikiinua ndoo ndipo matone mawili matatu yananiponyoka. Lakini nikilala ni kama sina kibofu kabisa. Nimetandika godoro ile nailoni ya kuanikia mahindi, juu yake taulo, juu ya taulo leso ya mke wangu, na kukipambazuka nailoni imeshika dimbwi. Simu nimeitegesha ilie saa saba na saa kumi. Ikilia saa saba nakuta nimelowa tayari, na sikusikia chochote. Hapo ndipo ninapoumia. Mimi huamshwa na baridi ya shuka.

Mwezi jana nilimwambia mke wangu ahamie chumba cha watoto. Alikataa, nikamshurutisha. Sasa tunaagana usiku koridoni kama wapangaji.

Watu watatu wameniambia mambo matatu. Daktari: subiri, hata mwaka. Nesi wa kliniki: fanya mazoezi ya misuli. Jirani: usiguse maji baada ya saa kumi jioni. Mimi nauliza hivi: kibofu si ni kile kile? Mbona mchana kishike na usiku kikatae?

#2 Kijana_wa_Bondeni
Pole sana mwalimu. Sikujua utumbo unaweza kugeuzwa kibofu. Nafuatilia.

#3 FundiKondele
Mwalimu pole. Mimi ni fundi wa mabomba hapa Kisumu, na mzee wangu alifanyiwa huo upasuaji 2019, kwa hiyo nimeuishi ndani ya nyumba.

Tangi lako jipya bado ni dogo, basi. Likitoka hospitali linabeba kama mililita 150, kikombe kidogo cha chai. Linapaswa kutanuka polepole hadi 400 au 500. Mchana unalifungua kila baada ya saa tatu, halipati nafasi ya kujaa. Usiku unalala saa tano mfululizo. Tangi dogo ambalo halifunguliwi litafurika, hata ufunge koki namna gani.

Nunua jagi la plastiki lenye alama. Kojoa humo siku mbili uandike. Ukituambia linashika ngapi tutajua kama ni tangi au ni kitu kingine. Mzee wangu alikauka usiku alipofika 400, mwezi wa tisa.

#4 NesiMstaafu
Mwalimu, hongera kwa kusema. Nilifanya kazi wadi ya upasuaji miaka mingi, na wanaume wengi huacha kuja kliniki kwa aibu ya jambo hili hili uliloandika.

FundiKondele amegusa nusu. Nusu nyingine ni koki. Mwanamume huzaliwa na koki mbili: moja juu, kwenye shingo ya kibofu na tezi dume, nyingine chini yake. Kibofu na tezi vilipotolewa, ya juu ilikwenda navyo. Sasa unaishi kwa koki moja ya chini, na hiyo ni msuli.

Tena kibofu cha kuzaliwa nacho kilikuwa kinazungumza na hiyo koki. Kikijaa usingizini kilipeleka habari kwenye uti wa mgongo, koki ikajikaza yenyewe, na kikizidi kujaa kikakuamsha. Utumbo hauna habari hizo. Umeshonwa pale kama mgeni, haujui njia za nyumba. Mchana akili yako inafanya kazi ya mlinzi bila wewe kujua. Ukilala, mlinzi analala, na msuli unalegea kama misuli mingine yote ya mwili. Ndiyo sababu husikii. Si uzembe wako, mwalimu, wala hujageuka mtoto.

Mchana hurudi kwanza, mara nyingi ndani ya miezi mitatu hadi sita. Usiku huchelewa, mwaka na hata zaidi. Wapo ambao usiku hautengemai kabisa, na sitakuficha hilo. Wiki kumi na nne bado ni mapema.

#5 Mkulima_wa_Molo
Nina mwaka wa tano na kibofu cha namna hii. Nakubaliana na nesi ila kuna jambo la tatu hajalitaja, nami nililigundua kwa kupima.

Kazi ya utumbo tangu kuumbwa ni kupitisha maji na chumvi. Kuufanya kibofu hakuufanyi usahau kazi yake. Mkojo wa usiku ni mzito, na ukikaa ndani ya utumbo, utumbo unavuta maji kutoka mwilini kuyaingiza humo. Niliandika daftarini: usiku mmoja sikunywa kitu tangu saa moja jioni, na kati ya saa nne na alfajiri nilitoa karibu sawa na mchana wote. Yalitoka wapi? Mwilini mwangu.

Kwa hiyo mwalimu, hata tangi likiwa kubwa na koki ikiwa imara, usiku unaletewa maji ambayo hukuyaagiza. Dawa yake ni kuamka. Mimi mpaka leo naamka mara mbili, na kitanda ni kikavu.

#6 Ingwe_Damu
Mnazunguka sana. Jirani yake alisema kweli: acha maji saa kumi. Acha na chai. Mtu wa Nakuru anakunywa chai vikombe vitano halafu anashangaa kulowa? Shemeji yangu Kakamega aliacha maji mchana na akakauka ndani ya wiki.

#7 Omera_Manyatta
Ingwe_Damu, tafadhali usimpe mtu huo ushauri. Ulinipeleka kitandani wiki mbili, na si wewe uliyenipa, nilijipa mwenyewe.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji nilichoka kulowa nikaamua kunywa vikombe viwili tu kwa siku. Siku ya tano nikawa mchovu, chakula kinanuka, kichefuchefu, napumua kama nimetoka kukimbia na nimekaa tu kwenye kiti. Huku Kisumu ukiumwa hivyo kila mtu anakwambia ni malaria. Kliniki moja ya mtaani ilinipa dawa za malaria bila kupima, nikazimeza zote, nikazidi. Nilipofika hospitali kubwa wakapima damu: asidi imejaa. Kumbe kibofu cha utumbo kinanyonya asidi na chumvi za mkojo kuzirudisha kwenye damu, na mwili ukiwa mkavu inakuwa mbaya zaidi. Nikawekewa dripu, nikaanzishiwa vidonge vya sodiamu baikaboneti, nikaamka.

Nakunywa lita mbili na nusu kila siku sasa. Ninalowa mara moja moja. Afadhali kulowa.

#8 NesiMstaafu
Asante Omera. Kila aliye na kibofu cha utumbo akariri hizo dalili: uchovu usioeleweka, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu, pumzi za haraka. Pimeni malaria, ndiyo, lakini mwambieni daktari mna kibofu cha utumbo na apime damu kwa asidi na chumvi.

Maji hayapunguzwi, yanasogezwa. Kunywa zaidi asubuhi na mchana, jioni kunywa kwa kipimo. Ingwe_Damu, shemeji yako apimwe.

#9 Ingwe_Damu
Sawa nesi, nimesikia. Nitampigia leo.

#10 Kogalo_Halisi
Ingwe amekubali kosa hadharani! Timu yake ya mpira, AFC Leopards, inavuja mabao mchana na usiku na hajawahi kukubali hata moja.

#11 Ingwe_Damu
Tutaonana siku ya mashemeji, Leopards na Gor Mahia uwanjani. Leo niacheni nimshughulikie mgonjwa.

#12 Mama_wa_Vihiga
Mulembe. Kuhusu hiyo asidi: sisi tunapikia mrenda kwa magadi na kwa musherekha, ile chumvi ya majivu ya mimea, na wazee walisema huondoa asidi tumboni. Si ni kitu kimoja na hivyo vidonge? Magadi ni ya bei rahisi kuliko kemisti.

#13 Mkulima_wa_Molo
Mama, ni jamaa lakini si yule yule. Magadi yamechanganyika, yana ile soda kali inayochoma pamoja na ile ya upole, na hujui kijiko kimebeba kiasi gani. Vidonge vina kipimo, na daktari hupandisha au hushusha kwa kuangalia damu. Kwenye mrenda endelea, ni mtamu.

#14 Nyar_Ahero
Wanaume wote humu mnalia kwa kuvuja. Mimi nililia kwa kukataa kutoka.

Mwanamke akifanyiwa upasuaji huu mambo yanaweza kuwa kinyume. Mimi mchana mkavu, usiku mkavu, nikajiona nimebarikiwa. Mwezi wa sita tumbo likaanza kuwa gumu chini ya kitovu, nakaa chooni nusu saa, yanatoka matone. Kibofu kilikuwa kimejaa mpaka kimelegea. Nikafundishwa kujitoa mkojo kwa mpira mdogo, mara tano kwa siku. Mara ya kwanza nilishika kioo cha kujipodoa mkono mmoja, mpira mkono mwingine, mikono inatetemeka, nesi amesimama nyuma yangu ananiambia, "Mama, pumua nje, usishike pumzi." Sasa nafanya gizani umeme ukipotea, sihitaji kioo.

Nasema hivi kwa sababu kuna kulowa kwa kufurika. Mwalimu, una hakika mchana unamaliza wote? Ukibakiza robo kila mara, usiku hauanzi na tangi tupu. Unaanza na tangi lililokwisha kujaa robo.

#15 FundiKondele
Nyar_Ahero umenifunga mdomo. Hilo sikulifikiria, na ndilo la kwanza ningemwuliza mteja kama lingekuwa tangi la maji.

#16 Mzee_wa_Njoro
Huo upasuaji ni wa Wajerumani, unaitwa Studer. Na hayo mazoezi ya misuli ni ya wanawake waliojifungua, mwanamume hana misuli hiyo.

#17 NesiMstaafu
Mzee wangu kwa heshima: Studer ni Mswisi, wa Bern. Mjerumani ni Hautmann wa Ulm, naye ana mtindo wake wa kushona. Yote miwili hukata utumbo wa takriban sentimita 50 hadi 70, hupasua sehemu kubwa ya bomba hilo na kulishona upya liwe kama mpira wa duara. Duara hubeba zaidi na husukuma kidogo. Bomba likiachwa bomba hujikunyata kama linavyosukuma chakula, na kila mkunyato ni mkojo nje.

Mazoezi yalitangazwa na daktari wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, mwaka 1948, na kweli alianza na akina mama waliojifungua. Lakini misuli ya chini ya nyonga mwanamume anayo.

Namna yake: kaza kama unayezuia hewa isitoke mbele ya wakwe. Tumbo lisikaze, makalio yasikaze, pumua kawaida. Shika sekunde tano, baadaye kumi, legeza muda ule ule, rudia mara kumi. Asubuhi, mchana, jioni. Kulegeza ni nusu ya zoezi, kwa sababu kibofu hiki hutoa mkojo kwa kulegeza. Usifanye kwa kukata mkojo katikati kila unapokojoa, utajizoesha kubakiza.

#18 Bodaboda_Kiamunyi
Nesi umenikumbusha wakwe zangu.

Binamu yangu alifanya mara mia tatu kwa siku kwa ushauri wa mtu fulani mtandaoni, na jioni ndiyo akawa anavuja zaidi. Msuli umechoka kama mguu uliopanda Menengai.

#19 Dereva_wa_Mau
Naendesha matatu Nakuru–Kisumu, na nina kibofu hiki mwaka wa tatu. Nilidhani nimemaliza kazi ya usukani.

Niwaambie wanaosafiri: usishike mpaka Kisumu ati kwa sababu husikii haja. Hiki kibofu hakina kengele, kina uzito tu chini ya tumbo, na ukizoea kukijaza kupita kiasi kinalegea kama puto la jana. Mimi natoka Nakuru nimekojoa, Mau Summit nakojoa, Kericho nakojoa, Ahero nikiweza. Makanga wangu alijua siri kabla ya tajiri. Akiona nimeegesha anatangaza, "Dakika tano, choo kiko nyuma ya pampu." Abiria wanashukuru, hawajui ni mimi.

Ute je, hakuna aliyeutaja? Utumbo hutoa ute siku zote. Mwaka wa kwanza uliziba njia nikiwa Londiani, sitoi tone. Nilikunywa maji chupa nzima, nikatembea, nikajikunja, ukatoka kama yai bichi. Mwalimu, ukiona ute mwingi kunywa maji, na kama ulifundishwa kusafisha kwa maji ya chumvi na bomba la sindano, usiache kabla hawajakuambia.

#20 Mwalimu_Lanet
Nimesoma zote. Nilijua mkifika kumi mtaacha, mmefika ishirini. Jagi nimenunua. Mchana ni 260, 280, mara moja 300. Fundi, kwa hesabu yako bado.

Nyar_Ahero, swali lako limenikosesha raha. Sijawahi kupimwa kinachobaki. Kliniki ni Alhamisi, nitaomba.

#21 Bwana_Mfuko
Mimi nilichagua mfuko pembeni mwa tumbo. Usiku naunganisha na mfuko mkubwa chini ya kitanda, nalala mpaka jogoo. Wakati mwingine nasoma mnayopitia najiuliza kwa nini mtu achague kulowa mwaka mzima.

#22 Kijana_wa_Bondeni
Mfuko si ule wa zamani waliokuwa wanawekewa waliokosa pesa?

#23 Bwana_Mfuko
Hapana kijana. Ulienezwa na daktari Bricker wa Marekani mwaka 1950, na mpaka leo mahali pengi ndio unaofanywa zaidi. Figo zikiwa dhaifu, au saratani ikiwa imefika kwenye njia ya mkojo, kibofu cha utumbo hakishauriwi. Mimi figo zangu ndizo zilizoamua.

#24 Mkulima_wa_Molo
Bwana_Mfuko, kila mtu na mwili wake. Mimi shambani nainama siku nzima kwenye viazi, mfuko ungenisumbua. Na kusimama kwenye choo changu mwenyewe, ingawa nakaa siku hizi, nilikuwa nakutamani. Sijutii.

#25 Ingwe_Damu
Hivi saratani hii inatoka wapi? Ni kichocho cha ziwa? Huku watoto wanaoga ziwani kila siku.

#26 NesiMstaafu
Kichocho cha Ziwa Victoria zaidi ni kile cha matumbo. Cha mkojo, kinachohusishwa na saratani ya kibofu, kimeenea zaidi Pwani, ingawa sehemu za Kano huku kwetu kimewahi kuonekana. Watoto watibiwe kwa vyote viwili. Lakini kisababishi kinachoongoza duniani ni sigara. Sumu yake hutoka mwilini kwa njia ya mkojo na hukaa kibofuni ikingoja kutolewa.

Na yeyote anayesoma: damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, hata ikikoma yenyewe, nenda ukapimwe. Kutouma kwake ndiko hudanganya watu.

#27 Mwalimu_Lanet
Mimi ilikuwa mara moja, rangi ya chai isiyo na maziwa, nikasema ni biti nilizokula. Nilikaa miezi minne. Sigara niliacha 2011, nilianza nikiwa chuo.

#28 Bibi_wa_Bahati
Mwalimu, mimi ni mke wa mgonjwa, ruhusu niseme na wewe kama dada yako.

Mume wangu naye alinihamisha. Nilikubali siku tatu. Usiku wa nne nilirudi na taulo langu, nikalala upande wa ukutani. Alikasirika, nikanyamaza. Saa nane simu ikalia, hakusikia, mimi nikasikia, nikamgusa bega. Akaenda choo kabla hajalowa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali. Asubuhi alikunywa uji bila kusema neno, akaosha vikombe vyote jikoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Wewe ulimhamisha mtu anayeweza kusikia simu ambayo wewe huisikii.

Kwa matandiko: nilishona mito myembamba ya taulo kuukuu, safu tatu, chini nimeshonea nailoni ya laini, juu kitambaa cha pamba. Nina sita. Pampasi za watu wazima tunaweka za safari, maana pakiti moja haimalizi wiki.

#29 Omera_Manyatta
Nimesoma #28 mara mbili.

#30 Bodaboda_Kiamunyi
Kuna ile kondomu yenye mrija inayounganishwa na mfuko wa mguuni. Binamu yangu analala nayo. Inafaa?

#31 Mkulima_wa_Molo
Inafaa, nilitumia miezi saba. Ngozi iwe safi na kavu, nywele zipunguzwe, saizi ipimwe. Mimi nilichukua ndogo ili isivuje, nikaamka na kidonda. Na usijisahau ukaacha kuamka ati kwa kuwa shuka ni kavu. Kibofu bado kinahitaji kufunguliwa.

#32 Mzee_wa_Njoro
Mmeniponya ujinga wa misuli. Nimeijaribu nikiwa kanisani, hakuna aliyejua.

#33 Mwalimu_Lanet
Nimerudi, ni wiki tano tangu niandike. Habari zangu.

Alhamisi ile walinipima kwa ultrasaundi baada ya kukojoa. Nilikuwa nimebakiza mililita 140, na nilidhani nimemaliza. Nimefundishwa kukojoa mara mbili: nakaa, natoa, nasimama, natembea mpaka dirishani na kurudi, nakaa tena, nalegeza. Mara ya pili inatoka hata 80. Damu imepimwa, asidi iko juu kidogo, nimepewa vidonge. Madini na vitamini B12 watakuwa wanaangalia kila mwaka, kwa sababu kipande cha utumbo kimeondoka.

Maji nimeyasogeza: lita mbili kabla ya saa kumi na moja jioni, baada ya hapo kikombe kimoja cha kumezea dawa. Chai ya usiku nimeacha. Simu inalia saa tano na nusu, saa nane, na saa kumi na moja alfajiri. Mazoezi mara tatu, ya mchana nafanya nikiwa nasimamia mtihani.

Mke wangu alisoma uzi huu wote kwenye simu yangu. Hakuniuliza. Alichukua mto wake akarudi.

Katika usiku 21 wa mwisho, nimeamka mkavu usiku tisa. Jagi limefika 350.

#34 FundiKondele
350! Si nilisema? Ni tangi. Ngoja 400.

#35 Nyar_Ahero
Fundi, tangi gani? Ni ile 140 iliyokuwa inabaki. Ameanza kumaliza, ameanza kukauka.

#36 Mkulima_wa_Molo
Mbona hamsemi simu? Zamani alilala mpaka saa saba bila kufungua, sasa anafungua mapema kabla utumbo haujavuta maji mengi.

#37 Bibi_wa_Bahati
Simu ilikuwepo tangu mwanzo. Aliyeongezeka ni anayeisikia.

#38 NesiMstaafu
Wote mnaweza kuwa sawa, na hatutajua, kwa sababu mwalimu alibadilisha mambo sita kwa wiki moja. Mwalimu, hata wanafunzi wako unawafundisha kubadilisha kitu kimoja wakifanya jaribio. Usiache chochote sasa. Lakini usiku ule kumi na mbili uliolowa, uliandika ulikula nini, ulilala saa ngapi, ulikuwa umechoka kiasi gani?

#39 Mwalimu_Lanet
Niliandika. Kumi na moja kati yake ni siku za shule. Jumamosi na Jumapili karibu zote nimekauka.

#40 Dereva_wa_Mau
Usingizi mzito wa mtu aliyechoka. Hata mimi nikipiga safari mbili kwa siku, usiku huo naweka taulo.

#41 NesiMstaafu
Au siku ya shule hanywi maji ya kutosha darasani, mkojo wa usiku unakuwa mzito, tunarudi kwa Mkulima. Mwalimu, beba chupa ya lita moja darasani na uimalize kabla ya kengele ya mwisho. Wiki mbili, kitu hicho kimoja tu.

#42 Mwalimu_Lanet
Naanza Jumatatu.

#43 Binti_Milimani
Samahani kuingilia. Mama yangu ana miaka 61, amefanyiwa huu upasuaji Kisumu, mpira unatolewa Jumatano. Nimeishia komenti ya 14 na nimeogopa. Nimwulize nini daktari kabla hatujarudi nyumbani?

#44 Nyar_Ahero
Usiogope, nyanya wa wajukuu wanne ndiye anayekuandikia, na nimetoka kupalilia. Mwambie nesi hivi: "Kabla hatujatoka, mfundisheni mama kujitoa kwa mpira mdogo, hata kama hatauhitaji." Mimi nilifundishwa nimechelewa miezi sita. Waulize pia mpira wa saizi gani na mtaupata wapi. Chukueni kioo kidogo cha mkononi. Jumatano jioni rudi hapa utuambie alikojoa ngapi mara ya kwanza, nitakuwa macho.